Vidimbwi vya Februari

Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki mvua na joto husafiri pamoja. Masika yakianza, ardhi bado ina joto la Machi. Mahindi huchomoza, kumbikumbi huruka, na kambale hupanda mito iliyofurika kwenda kutaga kwenye majani yaliyozama. Ukishuka hadi kusini kabisa mwa bara hilihili, kwenye milima iliyo nyuma ya Cape Town, unakuta mpango mwingine. Huko mvua hunyesha Juni, Julai na Agosti, katikati ya baridi, na baadhi ya vilele hupata theluji. Joto huja Desemba hadi Machi, na likifika mvua imeshaaga. Maji yanapokuwa tele, samaki na wadudu hawana joto la kuwakuza. Joto linapowadia, maji yanakwisha.

Viumbe wa vijito vya Rasi, kama eneo hilo linavyoitwa, huishi ndani ya pengo hilo. Nimesoma habari zao kwa muda mrefu, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuamini jambo moja: kiangazi peke yake hakiwamalizi. Wamekizoea tangu zamani sana, kabla ya mtu yeyote kuchimba mfereji. Kinachowamaliza ni yale tunayoyafanya sisi katika miezi hiyo ya ukavu, wakati uhai wote wa mto umejibana mahali padogo.

Dunia ina maeneo matano tu yenye majira ya namna hii: nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, California, Chile ya kati, kusini na kusini magharibi mwa Australia, na huku kwetu Afrika, jimbo la Rasi Magharibi nchini Afrika Kusini. Mwaka 1999 wanaikolojia wawili, Avital Gasith wa Israeli na Vincent Resh wa California, walichapisha makala ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa elimu ya vijito hivi. Hoja yao kuu ilikuwa kwamba mafuriko na ukame wa mito hii hutabirika. Mto hufurika na kukauka kwa zamu ileile mwaka baada ya mwaka, hata kama mwaka mmoja mvua ni nyingi na mwingine ni haba. Mafuriko yajayo bila taarifa huangamiza, lakini yale yajayo kila Julai mnyama huyapangia maisha yake. Ndiyo maana vijito hivi, vinavyoonekana vigumu kuishi, vimejaa viumbe wasiopatikana penginepo.

Milima ya Rasi ni ya mawe ya mchanga yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 400, yaliyokwisha kuoshwa na mvua hata hayana rutuba ya kutoa. Juu yake huota fynbos, vichaka vigumu vyenye majani membamba, sehemu ya eneo lenye aina zipatazo 9,000 za mimea. Majani hayo yamejaa kemikali chungu za kuyakinga na walaji, na yakilowa, maji ya kijito hupata wekundu wa chai ya rangi. Ni maji safi, yenye asidi, yasiyo na chakula kingi ndani yake. Anayepima utajiri wa mto kwa kilo za samaki atapita hapa bila kuona kitu.

Ainame ageuze jiwe. Chini yake kuna mabuu ya wadudu wa jamii ya Trichoptera, ambayo hujijengea vibanda vya chembe za mchanga au vijiti na kutembea navyo. Kuna watoto wa Ephemeroptera, wale wadudu ambao wakishapata mabawa huishi saa au siku chache tu. Kwenye mwamba ulio wima, pale maji yanapoanguka kwa nguvu, kuna mabuu ya jenasi Elporia, kila moja likiwa na vinyonyeo sita tumboni, likijibandika mahali ambapo kidole cha mtu kingeteleza. Ndugu wa karibu wa baadhi ya wadudu hawa hawaishi Kongo wala Kenya. Wako Chile, Australia na New Zealand, kwa sababu mababu zao waligawanyika wakati mabara ya kusini yalipokuwa bado pande moja la nchi. Keppel Harcourt Barnard, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Cape Town aliyekuwa pia mpanda milima hodari, aliwaandika wengi wao kisayansi kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1930, baada ya kuyafuata makorongo hadi juu ambako watu wa makumbusho hawakuwa na desturi ya kufika.

Kila mmoja wa wadudu hawa ana njia yake ya kuuvuka ukavu. Wapo wanaokua polepole wakati wote wa baridi, wakapata mabawa Oktoba au Novemba na kuondoka kabla kijito hakijakatika. Wapo wanaoacha mayai yanayostahimili jua. Wapo wanaoteremka katikati ya kokoto za sakafu ya mto, ambako maji huendelea kupita chinichini hata pale juu panapokuwa pamekauka kabisa, na hukaa humo mpaka mvua za Mei. Mtu anayeona mto mkavu na kusema umekufa hajaangalia chini ya kokoto.

Wapo pia wasiomudu ukavu hata kidogo. Kwenye miteremko ya Table Mountain, juu ya nyumba na barabara za Cape Town, anaishi chura aitwaye Heleophryne rosei, ambaye haonekani popote pengine duniani. Mwili wake ni bapa, vidole vyake vina vibandiko, na viluwiluwi vyake hushika mwamba kwa mdomo mpana huku maji yakipita juu yao kwa kasi. Viluwiluwi hivyo huhitaji zaidi ya mwaka mmoja kuwa vyura. Hesabu yake ni rahisi: lazima vivuke angalau kiangazi kimoja vikiwa majini, kwa hiyo kijito kinachokauka hata kwa majuma machache hakivifai. Kinachoviokoa ni kwamba mlima huo hauachi kutiririka. Mwamba wake huhifadhi maji ya mvua na kuyatoa kidogokidogo, na pepo za kusini mashariki za kiangazi hupandisha wingu zito juu ya kilele, nalo hulowesha majani hata siku ambazo mji chini unaungua kwa jua. Jiji lilipopungukiwa na maji mwishoni mwa karne ya 19, lilipanda kuyafuata hukohuko juu. Bwawa la Woodhead lilimalizika mwaka 1897, na la Hely-Hutchinson mwaka 1904. Tangu hapo chura na jiji wanakunywa katika mlima mmoja, na chura ameorodheshwa miongoni mwa spishi zilizo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Sasa samaki, ambao ndio wanaonigusa zaidi.

Kwenye bonde la mito ya Olifants na Doring, kaskazini mwa Cape Town, kuna milima ya Cederberg, na vijito vya milima hiyo vina samaki wachache kwa idadi ya spishi lakini karibu wote ni wa hapo tu. Wamo wale wadogo wenye mapezi mekundu, Pseudobarbus phlegethon na ndugu zake. Wamo kambale wadogo wa miambani wa jenasi Austroglanis, wanaolala mchana chini ya mawe na kutoka usiku. Yumo samaki wa njano wa Clanwilliam, Labeobarbus seeberi, mkubwa kupita wenzake. Hawa wote wana nafasi moja ya kuzaa ambapo maji na joto hukutana: kuanzia Septemba, wakati mto bado unatiririka na jua limeanza kuupasha, mpaka kiangazi kinapoanza kuubana. Wakitaga mapema, baridi na mafuriko huangamiza mayai. Wakichelewa, vifaranga hukutwa na ukavu wakiwa wadogo mno.

Jinsi nafasi hiyo ilivyo finyu ilionekana wazi chini ya Bwawa la Clanwilliam, lililojengwa mwaka 1935 kwa ajili ya umwagiliaji. Katika miaka ya 1990 Jackie King, James Cambray na Dean Impson walifanya jaribio la kufungulia maji kutoka bwawani kwa makusudi na kuangalia samaki wa njano wanavyoitikia. Maji ya vuguvugu yalipoteremka, samaki walikusanyika kwenye kokoto na kutaga. Maji baridi ya chini kabisa ya bwawa yalipofuata, utagaji ulisimama. Kiasi cha maji peke yake hakikutosha. Ilibidi yawe maji ya joto lake, na kwa wakati wake. Bwawa lililojaa linaweza kuutosheleza mto kwa lita na bado likauacha bila samaki.

Vifaranga waliofanikiwa kuanguliwa humalizia malezi yao katika vidimbwi. Kufikia Februari kijito cha Cederberg mara nyingi hakitiririki tena. Kimebaki mlolongo wa vidimbwi kwenye vivuli vya miamba, kimoja kirefu kama basi, kingine hakifiki kiunoni, na kati yao mawe makavu yanayochoma nyayo. Ndani ya vidimbwi hivyo wamo samaki wote waliosalia wa kijito hicho: wazazi na watoto pamoja, na wadudu, na kaa. Mtu akitaka kujua kama mwakani kutakuwa na samaki katika bonde lile, asiutazame mto wa Julai unaonguruma. Atazame vidimbwi hivi.

Humo humo ndimo tulimotia adui. Samaki aina ya trauti waliletwa kutoka Ulaya katika miaka ya 1890, kwa burudani ya wavuvi wa ndoano. Mwaka 1928 akafuata samaki mla-nyama wa Marekani Kaskazini ambaye tumwite besi, na mwaka 1937 ndugu yake mwenye mdomo mdogo, Micropterus dolomieu, ambaye ndiye aliyeiweza mito ya milimani. Serikali yenyewe ilifuga vifaranga na kuwapandikiza mtoni, ikidhani inaongeza thamani kwenye maji matupu. Samaki wadogo wa Rasi walikuwa hawajawahi kuishi na mwindaji wa namna hiyo. Wakati wa baridi, mto ukiwa mpana, pengine wangeweza kumkwepa. Februari, ndani ya kidimbwi, hakuna pa kukimbilia. Matokeo yake yanaweza kuchorwa kwenye ramani: katika vijito vingi mpaka ni maporomoko ya maji ambayo besi hawezi kuyapanda. Juu yake wenyeji wapo kwa mamia, chini yake hakuna samaki mdogo hata mmoja.

Rondegat ni kimoja cha vijito hivyo, kikitoka Cederberg na kumwaga katika Bwawa la Clanwilliam. Mwaka 2012, mwezi wa Februari, shirika la uhifadhi la jimbo, CapeNature, lilitia dawa iitwayo rotenoni kwenye kipande cha kilomita nne hivi za kijito hicho, kati ya maporomoko na kizuizi kilichojengwa chini yake. Wasomaji wa pande zetu wanaijua kemia hii bila kwenda maabara: ni ileile iliyomo katika utupa, mmea ambao majani yake yakipondwa na kutiwa mtoni samaki huelea. Huzuia mwili wa samaki kutumia oksijeni. Kwanza walikusanya na kuwahamisha samaki wenyeji waliowakuta pale, kisha wakaua waliobaki, na mwaka 2013 dawa ikarudiwa ili asisalie besi hata mmoja.

Wapo waliopinga, na hofu yao haikuwa ya bure. Sumu haichagui, na baadhi ya wadudu wa majini walikufa pamoja na besi. Lakini wadudu wana mabawa, na kijito cha juu kilikuwa na mbegu yao, hivyo wengi walirejea. Samaki wadogo nao walishuka wenyewe kutoka juu ya maporomoko, wakazaliana mahali ambapo hawakuwa wameonekana kwa miongo kadhaa. Nionavyo mimi, kazi ile ilikuwa ya haki. Kuacha besi akae kwa sababu ameshazoeleka ni kuchagua upande pia, na upande huo ungewafuta duniani viumbe ambao hawana mto mwingine wa kukimbilia.

Mahali ambapo dawa haiwezekani, watu hutumia nyavu na ndoo. Labeo seeberi, samaki mwenye mdomo wa kukwangulia mwani kwenye mawe, ni wa jenasi moja na ningu wa Ziwa Victoria, na tabia zao zinafanana: wote wawili huacha makao yao na kupanda mito kwenda kutaga maji yanapojaa. Ningu alipungua kwa sababu wavuvi walimtegea nyavu midomoni mwa mito wakati huohuo wa kupanda. Ndugu yake wa Rasi amezibiwa njia na mabwawa, na ametoweka katika sehemu kubwa ya mto Olifants. Waliobaki katika bonde la Doring hupanda kijito cha Biedouw mvua za baridi zinapomalizika, hutaga, kisha hurudi. Kijito hukatika, na watoto hubaki vidimbwini pamoja na besi. Kizazi kizima huliwa kabla ya mvua ya kwanza, na hilo limetokea mwaka hadi mwaka, hata wazazi wakazeeka bila warithi.

Kuanzia mwaka 2020 mradi unaoongozwa na Jeremy Shelton wa Freshwater Research Centre unawavua maelfu ya vifaranga hao vidimbwi vinapopungua na kuwapeleka kwenye malambo ya wakulima yasiyo na besi. Hukaa humo mpaka wawe wakubwa kiasi cha kutomezwa, ndipo hurudishwa mtoni. Napenda kwamba wakulima wamo. Lambo lililochimbwa kumwagilia miti ya matunda sasa linalea samaki walio hatarini, na mwenye shamba anajua wako wangapi. Lakini hii ni huduma ya kwanza. Mto ambao watoto wake lazima wabebwe kwa ndoo kila mwaka haujapona.

Kupona kunategemea maji, na hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu, kwa sababu binadamu naye huhitaji maji zaidi wakati uleule. Bonde la Olifants ni bonde la machungwa, na mchungwa hunywa zaidi Januari na Februari, kijito kikiwa chini kabisa. Pampu moja ndogo iliyowekwa kwenye kidimbwi kirefu haionekani kuwa kosa kubwa. Julai isingepunguza chochote. Februari inaweza kumaliza samaki wa kijito kizima kwa wiki moja. Kwenye tambarare za Sandveld, karibu na bahari, visima vya mashamba ya viazi vimeyateremsha maji ya ardhini, na ziwa la Verlorenvlei, lililoorodheshwa mwaka 1991 kuwa ardhioevu ya umuhimu wa kimataifa, limewahi kukauka kiasi cha mtu kutembea juu ya tope lake lililopasuka.

Miti nayo hunywa. Miwati, ileile iliyopandwa Njombe na katika nyanda za juu za Kenya kwa ajili ya magome yake, ilitoka Australia na imetapakaa kandokando ya mito ya Rasi. Misindano imepanda milimani. Miti hii ni mikubwa kuliko vichaka vya fynbos na haipumziki kiangazi. Katika mabonde yanayoilisha Cape Town, miti ya kigeni inakadiriwa kunywa lita bilioni 55 kwa mwaka, sawa na matumizi ya jiji ya karibu miezi miwili. Tangu mwaka 1995 serikali ya Afrika Kusini, chini ya programu ya Working for Water iliyoanzishwa na waziri Kader Asmal, imekuwa ikiwalipa watu wasio na ajira kuikata. Ni moja ya kazi chache za umma ninazozijua ambapo mshahara wa maskini na maji ya samaki hutoka kwenye bajeti moja.

Kisha ikaja miaka ya 2015 hadi 2017, ambapo baridi tatu mfululizo zilipita bila mvua ya kutosha. Kuanzia Februari 2018 kila mkazi wa Cape Town aliruhusiwa lita 50 tu kwa siku, na jiji likajiandaa kuzima mabomba. Wanasayansi waliochunguza ukame ule walikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yameongeza uwezekano wake karibu mara tatu. Mvua ikarudi baadaye mwaka huohuo na mabomba hayakuzimwa, lakini jiji lilishaanza kuchimba visima virefu kwenye mwamba wa milimani, ule ule unaoyatoa maji kidogokidogo kiangazi. Hapa sina budi kuwa mkali. Maji ya mwamba ule si ya ziada. Ndiyo yanayovifanya vidimbwi vya Februari viwepo, na kila lita itakayopandishwa kutoka humo lazima ihesabiwe dhidi ya kijito kilicho chini yake.

Namna ya kuhesabu ipo. Sheria ya maji ya Afrika Kusini ya mwaka 1998 iliweka akiba: kabla mtu yeyote hajapewa kibali cha kuchota kwa kilimo au kiwanda, sehemu ya maji hutengwa kwa mahitaji ya msingi ya watu na sehemu nyingine hubaki mtoni kwa ajili ya uhai wa mto wenyewe. Ili akiba hiyo isiwe maneno matupu, Jackie King, yuleyule wa jaribio la Clanwilliam, na wenzake walitengeneza njia za kukadiria ni maji kiasi gani, mwezi gani, kwa faida ya kiumbe gani. Mwaka 2019 alipewa Tuzo ya Maji ya Stockholm kwa kazi hiyo. Njia hizo zilifika kwetu pia: zilitumika katika bonde la mto Pangani, ambako mitambo ya umeme, mashamba ya miwa na wavuvi wa mlangoni mwa mto hugawana maji yanayotoka Kilimanjaro na Meru.

Akiba ya mto imo pia katika Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya Tanzania ya mwaka 2009 na katika Sheria ya Maji ya Kenya ya mwaka 2016. Mito yetu mingi nayo hubaki vidimbwi wakati wa kiangazi, na pampu zinaongezeka kila mwaka. Msomaji unayeishi kando ya mmojawapo, nenda ofisi ya bonde lako ukaulize mambo mawili: akiba ya mto huu ni kiasi gani katika mwezi wake mkavu kuliko yote, na ni nani aliyekwenda kuipima.